Kukata kucha za mbwa nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wenye mbwa, awe mbwa wa kienyeji wa kulinda boma au yule mdogo wa sebuleni. Anayetaka kuanza leo asome tangu mwanzo. Ambaye mbwa wake anatoka damu sasa hivi aende moja kwa moja kwenye sehemu ya "Damu imetoka", mengine atayasoma baadaye.

## Mambo ya kwanza

Kwani ni lazima? Mbwa wa zamani walikatwa kucha na nani?

Wengi hawakukatwa, na hadi leo wapo wasiohitaji. Mbwa anayefuata ng'ombe kutwa au anayepita kwenye njia ya changarawe kila siku husaga kucha zake mwenyewe. Tatizo ni la mbwa wa mjini. Mchana yumo bandani, usiku anafunguliwa azunguke kwenye nyasi, au anaishi juu ya vigae na zulia. Kucha zinaota bila kukoma na hakuna kinachozipunguza.

Ukucha ukianza kugusa sakafu, kila hatua unakirudisha kidole nyuma. Mbwa anajifunza kusimama vibaya ili kukwepa: uzito unahamia nyuma ya wayo na vidole vinapanuka. Kwa mbwa mzee mwenye viungo vinavyouma ni mateso zaidi, maana juu ya vigae hana pa kukanyagia. Ukizidi hapo, ukucha hunasa kwenye zulia au wavu wa uzio na kung'oka. Maumivu ya ukucha uliong'oka hayafanani hata kidogo na yale ya kukatwa vibaya.

Nitajuaje kwamba zimekuwa ndefu?

Sikiliza anapopita kwenye sakafu ngumu. Ukisikia mlio wa kucha kila hatua, umechelewa kidogo. Kipimo cha uhakika zaidi: msimamishe mahali tambarare, miguu ikiwa imenyooka, kisha pitisha kipande cha karatasi chini ya ncha za kucha. Karatasi ikipita bila kukwama, mwache.

Nikate kila baada ya muda gani?

Kwa mbwa wengi wa nyumbani, wiki tatu hadi nne. Anayetembezwa kwenye lami au changarawe anaweza kukaa zaidi, na mzee asiyetoka nje atahitaji mapema. Ni afadhali kupunguza kidogo mara nyingi kuliko kungoja miezi sita kisha ukate kwa hasira. Huo ndio ushauri wa ukurasa huu mzima, na maswali mengi yaliyo chini yanatokana na watu waliongoja.

Mbwa ana kucha ngapi?

Kwa kawaida 18: nne kila mguu, na mmoja wa pembeni kwenye kila mguu wa mbele, juu kidogo, mahali ambapo kwetu pangekuwa na kidole gumba. Wengine wana wa pembeni kwenye miguu ya nyuma pia, na mbwa wa aina ya Great Pyrenees huwa na wawili kila mguu wa nyuma.

Huo wa pembeni ndio unaosahauliwa kuliko zote. Haugusi ardhi, kwa hiyo hausagiki hata kwa mbwa wa malishoni. Ukiachwa hujikunja, ukazunguka hadi ncha ikatoboa ngozi. Kama mbwa wako ana manyoya marefu, upapase kwa vidole, usitegemee macho.

Ndani ya ukucha mna nini hasa?

Sehemu ya nje ni gamba gumu lisilo na hisia. Ndani yake, kuanzia kwenye kidole hadi karibu na ncha, kuna nyama hai yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Hapa tutaiita kiini. Ukikata gamba tupu mbwa hasikii kitu. Ukigusa kiini anaumia na damu inatoka. Kwenye ukucha mweupe kiini huonekana kama mstari wa waridi. Kwenye ukucha mweusi hakionekani kwa nje, na kuhusu huo lipo swali lake chini.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: ukucha ukiachwa kurefuka, kiini nacho hurefuka. Ndiyo maana mbwa aliyeachwa mwaka mzima huwezi kumrudisha kwenye urefu mzuri kwa siku moja.

## Vifaa

Nahitaji kununua nini?

Mkasi wa kucha za mbwa, basi. Ziko aina mbili. Ule unaofanana na koleo dogo, wenye midomo miwili iliyopinda, unafaa mbwa wengi, na kwa mbwa mkubwa kama Rottweiler au Boerboel ndio wenye nguvu ya kutosha. Mwingine una tundu la kupitishia ukucha na kisu kinachoteleza. Ni mzuri kwa mbwa mdogo, ila kisu chake hupoteza makali upesi na haufai ukucha uliojikunja, maana hauingii tunduni. Vyote viwili hupatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo ya mijini na maduka ya vifaa vya wanyama.

Usijali sana kuhusu kile kibao cha kuzuia ukucha usizidi kinachokuja na mikasi mingi. Hakijui kiini cha mbwa wako kinaishia wapi.

Weka pia kitu cha kuzuia damu karibu kabla hujaanza (tazama "Damu imetoka"), na chakula kidogo anachokipenda.

Siwezi kutumia kikata kucha cha watu, wembe, au koleo la fundi?

Kikata kucha cha watu kinafaa kwa watoto wa mbwa wa wiki chache, ambao kucha zao ni nyembamba. Kwa mbwa mkubwa kinabana ukucha badala ya kuukata, unapasuka kwa urefu, na mkandamizo huo unauma hata kama hujafika kwenye kiini. Koleo la fundi ni vivyo hivyo.

Wembe na kisu, hapana. Mbwa akivuta mguu ghafla, kitakachokatika si ukucha.

Na mashine ya kusaga?

Ni nzuri, hasa kwa kucha nyeusi, kwa sababu inaondoa kidogo kidogo na kulainisha ncha. Ina mambo matatu ya kuangalia. Ina mlio na mtetemo, kwa hiyo mbwa azoeshwe kwanza ikiwa imezimwa, halafu ikiwa inalia mbali naye. Inatia joto: gusa ukucha kwa sekunde mbili au tatu, ondoa, rudia. Na inanasa manyoya marefu; yakunje nyuma kwa vidole au yapitishe kwenye soksi kuukuu uliyotoboa ili kucha tu zitokeze.

Saga mahali penye hewa. Vumbi la kucha si la kuvuta puani, lako wala lake.

Hakuna njia isiyo na mkasi kabisa?

Ipo, na inastahili kujulikana zaidi: ubao wa msasa. Chukua ubao wa upana wa mguu wa mbwa mara mbili hivi, urefu wa mkono wako kuanzia kiwiko hadi vidole, ubandike karatasi ya msasa wa duka la vifaa vya ujenzi. Namba 80 inafaa mbwa mkubwa, 120 kwa mdogo. Uinamishe mbele yake na umfundishe kuukwaruza.

Mbwa wengi wanajifunza upesi. Ficha kipande cha ini chini ya kitambaa juu ya ubao. Akikichimba kwa mguu, msifu na umpe. Baada ya muda kitambaa kinaondolewa, anakwaruza ubao wenyewe. Kucha za miguu ya mbele zinapungua hivyo bila mtu kuishika miguu. Ukucha wa pembeni haufikiwi, na miguu ya nyuma inahitaji mafunzo ya ziada, kwa hiyo mkasi hautupwi. Angalia wayo baada ya kila kipindi: pakiwa pekundu, amekwaruza kupita kiasi.

Mkasi wangu una kutu. Bado unafaa?

Ukiwa na kutu kwenye makali, nunua mwingine. Pwani vifaa vya chuma havidumu visipotunzwa: baada ya kazi futa kwa spiriti, kausha, pakaza mafuta kidogo ya cherehani. Mkasi butu ndio chanzo cha mbwa wengi "wasiopenda" kukatwa kucha.

## Siku ya kukata

Mbwa wangu hajawahi kukatwa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mguu, usianzie kwenye mkasi. Siku za kwanza shika tu mguu mmoja kwa sekunde chache, mpe kipande cha chakula, achia. Akizoea, bonyeza kidole kimoja kimoja. Akizoea hilo, mwonyeshe mkasi, aunuse, mpe chakula. Kisha uguse ukucha kwa mkasi bila kukata. Kisha kata ncha ya ukucha mmoja, na mwisho wa kikao uwe hapo.

Mpangilio wa chakula ni muhimu: kwanza mguso, halafu chakula. Ukitanguliza chakula, atajifunza kwamba chakula ni dalili ya shida inayokuja. Dagaa wakavu wasio na chumvi na maini ya kuchemsha yaliyokatwa vipande vidogo vinafanya kazi kuliko biskuti nyingi za dukani. Siagi ya karanga pia, lakini soma lebo: yenye utamu bandia uitwao xylitol ni sumu kwa mbwa, hata kidogo chake.

Kwa mtoto wa mbwa, anza mazoezi haya mara tu anapofika nyumbani. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi akili yake iko wazi kuyapokea mambo mapya. Anachokizoea hapo humsumbua kidogo sana ukubwani.

Nimshike vipi?

Chagua wakati ametoka matembezini, amejisaidia, na jua limepungua. Tandika mkeka au taulo sakafuni asiteleze, karibu na dirisha lenye mwanga. Mbwa mdogo anakaa mapajani. Mkubwa anaweza kusimama au kulala ubavu, yeye mwenyewe anavyopenda. Wewe ndiye ujipange.

Mguu wa mbele uinue kidogo tu. Mguu wa nyuma uelekeze nyuma, uone wayo kwa chini, usiuvute kwenda pembeni, maana nyonga haikuumbwa kwenda huko na mbwa mzee atakuonyesha hivyo kwa meno. Kidole gumba chako kikae juu ya kidole cha mbwa, cha shahada kikae chini kwenye nyama laini ya wayo, bonyeza taratibu: ukucha unachomoza wenyewe.

Msaidizi mmoja anatosha, awe anayemlisha. Watu wanne kumlalia mbwa ni kumfundisha kwamba anashambuliwa.

Nikate wapi, na kwa mwelekeo gani?

Kata ncha tu, milimita moja au mbili, kwa mshazari unaofuata mteremko wa mguu, takriban nyuzi 45. Kwenye ukucha mweupe simama milimita mbili kabla ya mstari wa waridi. Kama chumba kina giza, washa tochi ya simu nyuma ya ukucha, mstari utaonekana vizuri.

Minya mkasi mara moja, kwa uhakika. Kusitasita katikati ya kukata ndiko kunakobana na kupasua.

Kucha zote ni nyeusi. Kiini nitakijuaje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko mengine yote, na jibu lake liko kwenye sehemu uliyokata, si juu ya ukucha.

Kata kipande chembamba, halafu utazame ukucha kwa mbele, pale mkasi ulipopita. Mara ya kwanza utaona pakavu, peupe au pa kijivu, kama chaki. Kata tena kipande chembamba, tazama tena. Unapokaribia kiini, katikati panabadilika: kinatokea kidoa cheusi au cha kijivu kilichokolea, kinachong'aa kidogo na kuonekana kina unyevu. Ukikiona, huo ukucha umekwisha kwa leo.

Kuna msaada mwingine ukigeuza mguu na kuutazama ukucha kwa chini. Sehemu ya ncha, ile iliyopinda, ina mfereji na ndani yake ni wazi. Ukirudi nyuma kuelekea kidoleni mfereji unajaa. Ile ya wazi iliyopinda ndiyo unayoweza kuikata bila wasiwasi mkubwa. Na kama mbwa ana ukucha mmoja mweupe kati ya nyeusi, anza nao. Unakupa wazo la kiini kilipofika kwenye zile nyingine za mguu huohuo, ingawa si lazima zilingane kabisa.

Lazima nimalize zote siku moja?

Si lazima. Mbili leo, mbili kesho, mguu mmoja Jumapili. Kwa mbwa mwenye woga huu ndio mpango bora. Achia akiwa bado ametulia, usingoje aanze kupambana ndipo umwachie, kwa sababu atajifunza kwamba kupambana ndiko kunakomfungulia mlango.

Kiini kimekuwa kirefu mno. Nikate ukucha mfupi hata kama damu itatoka, ili kirudi?

Usifanye hivyo. Kiini hurudi nyuma chenyewe ukucha ukikatwa au kusagwa kidogo hadi karibu nacho kila wiki. Ipe kazi hiyo wiki kadhaa, kwa mbwa aliyeachwa muda mrefu miezi. Daktari wa mifugo anaweza kuzifupisha zote kwa mara moja mbwa akiwa amelazwa kwa dawa, na wakati mwingine inafaa, kwa mfano anapolazwa kwa ajili ya upasuaji mwingine. Nyumbani bila dawa ya ganzi ni ukatili tu.

## Damu imetoka

Nifanye nini sasa hivi?

Tulia, maana mbwa anakusoma. Shika mguu, bana ncha ya ukucha kwa kitambaa safi au pamba kwa dakika tano bila kufunua kuchungulia. Kisha paka kitu cha kugandisha damu na ukandamize tena kwa dakika moja au mbili:

- unga wa kuzuia damu unaouzwa kwa ajili ya kucha za wanyama, kama unao;
- shabu, ile wanayotumia vinyozi: iloweshe kidogo ukandamize, au isage uwe unga. Inachoma kidogo, jiandae atavuta mguu;
- kornflawa ya jikoni, haichomi na inafanya kazi nzuri;
- kipande cha sabuni ya mche kilicholainishwa kwa maji: ukandamize ukucha ndani yake hadi sabuni izibe ncha.

Damu ikishakauka, mbwa asikimbie wala kutoka nje kwa saa kadhaa, na mguu usioshwe siku hiyo. Asiendelee kuulamba. Kucha zilizobaki ziache hadi siku nyingine.

Kwenye vigae vyeupe matone machache yanaonekana kama machinjioni. Mbwa mwenye afya hapotezi damu ya kumdhuru kupitia ukucha mmoja.

Majivu, udongo, mafuta ya taa, kahawa?

Udongo na majivu huingiza uchafu kwenye jeraha lililo wazi. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na mbwa atayalamba. Kahawa ni sumu kwa mbwa ikimezwa, na hapana shaka ataimeza, kwa sababu analamba mguu. Kama huna chochote, kitambaa safi na kidole chako kinatosha.

Damu haikomi. Nisubiri hadi lini?

Ikifika dakika 20 hadi 30 za kubana kweli na bado inatiririka, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mara nyingi ni kwa sababu hakubanwa vizuri, lakini kuna sababu mbili ambazo kwetu hazipaswi kupuuzwa.

Ya kwanza ni ugonjwa unaoletwa na kupe, ule unaosababishwa na vijidudu vya Ehrlichia. Hupunguza chembe sahani za damu, zile zinazoziba majeraha, na mbwa anaweza kuonekana mzima kwa miezi. Ukucha uliokatwa vibaya ukawa wa kwanza kutoa siri. Angalia kama ufizi umepauka, kama ana madoa mekundu tumboni, kama amewahi kutoka damu puani.

Ya pili ni sumu ya panya. Nyingi huzuia damu kuganda, na dalili huchelewa siku kadhaa baada ya mbwa kuila au kula panya aliyekufa nayo. Kama ndani ya nyumba au kwa jirani kuna sumu iliyotegwa, mwambie daktari mara tu unapofika.

Anachechemea. Nimpe dawa ya maumivu?

Usimpe dawa ya watu. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo kila duka la dawa linauza, humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo. Panadol nayo si ya kukisia. Kuchechemea kidogo kwa siku moja ni kawaida. Ikifika siku ya pili au ya tatu, kidole kikavimba au kutoa harufu, ni kazi ya daktari.

## Mbwa anayekataa

Ananguruma nikigusa mguu. Nimkaripie?

Mshukuru. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyekaripiwa hadi akaacha kuonya ndiye anayeuma bila taarifa. Kabla ya kunguruma huwa ametoa dalili nyingine ambazo hazikuonekana: kujilamba midomo, kupiga miayo wakati hana usingizi, kugeuza kichwa huku jicho likionyesha weupe, mwili kukakamaa. Ukiona hizo, simama, rudi hatua moja kwenye mazoezi (tazama "Nianzie wapi").

Angalia pia kama anakataa mguu mmoja tu. Huenda kuna mwiba, kupe kati ya vidole, au kiungo kinachouma.

Nimfunge mdomo?

Kifunga mdomo cha aina ya kikapu ni salama, kwa sababu kinamruhusu kuhema na hata kupokea chakula. Kizoeshwe siku kadhaa kabla, kwa kumpa chakula ndani yake. Kitambaa au kamba ya kufunga mdomo inamzuia kuhema, na mbwa hujipoza kwa kuhema. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa dakika chache zinatosha kumtia hatarini. Mbwa wenye pua fupi wasifungwe kwa kitambaa kabisa.

Ni mbwa wa ulinzi. Hata mimi mwenye nyumba ananijua kwa mbali tu.

Basi wewe siye wa kumkata. Wa kumkata ni anayemlisha na kumfungulia, mara nyingi mlinzi au mfanyakazi wa nyumbani. Mpe mafunzo na vifaa, na ikiwezekana umwongezee kitu, maana si sehemu ya kazi aliyoajiriwa. Usimwamuru tu. Kama naye hawezi, ubao wa msasa uliotajwa juu au daktari anayekuja nyumbani ndiyo njia iliyobaki.

Kuna dawa ya kumtuliza?

Zipo, na hutolewa na daktari wa mifugo kwa kipimo cha uzito wa mbwa, zinywewe nyumbani saa chache kabla. Vidonge vya usingizi vya watu, pombe na dawa za mafua si mbadala.

## Hali zisizo za kawaida

Mimi ni Muislamu na nina mbwa wa kulinda. Nitamkataje kucha bila kuhangaika na najisi?

Swali hili huulizwa sana Pwani na Zanzibar, ambako wengi wanafuata madhehebu ya Shafi. Kwa mujibu wa madhehebu hayo, mbwa wa kulinda anaruhusiwa, na kinachopitisha najisi ni unyevu: mate yake, au yeye akiwa amelowa, au wewe. Kikavu kikigusa kikavu hakuna kinachohamia. Kiutendaji, mkate akiwa mkavu, vaa glavu na nguo maalumu za kazi hiyo, na tumia chakula cha kumrushia badala ya kumlambisha mkononi. Palipolowa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mengine zaidi ya hayo muulize shehe wako.

Ukucha umepasuka hadi juu, au umening'inia.

Usiung'oe. Funga mguu kwa kitambaa safi kilicholegea, mzuie kulamba, umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Kipande kinachoning'inia hukatwa kwa ganzi, na mara nyingi anahitaji dawa ya kuzuia maambukizi. Ukucha wa pembeni uliozama kwenye ngozi ni vivyo hivyo.

Pembeni mwa ukucha kuna uvimbe wenye kidoa cheusi katikati.

Huenda ni funza, hasa kama mbwa analala kwenye banda la vumbi na kuna watu au nguruwe wenye funza jirani. Mbwa huwapata kwenye wayo na kuzunguka kucha, na mayai yanayoanguka kutoka kwake huendeleza funza wa familia nzima. Usiwachokoe kwa pini uliyookota. Daktari wa mifugo atawatibu, na sakafu ya banda inyunyiziwe dawa na ikiwezekana isakafiwe. Kumtibu mbwa peke yake ni kurudi palepale baada ya wiki chache.

Kidole kimoja kimevimba na ukucha umeanguka wenyewe, bila kuumia.

Usikate, usipake kitu, nenda kwa daktari. Inaweza kuwa maambukizi, lakini kwa mbwa wakubwa weusi, Rottweiler wakiwemo, saratani ya kidole huanza hivi. Kucha nyingi zikianguka moja baada ya nyingine kwenye miguu tofauti, huo ni ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili, nao una matibabu.

Jike ana mimba, au ananyonyesha.

Mwenye mimba anakatwa kama kawaida, akiwa amesimama au amejilaza mwenyewe, usimgeuze chali. Anayenyonyesha mwache kwanza, shughulika na watoto wake: kuanzia wiki ya tatu hivi ncha zao ni kali na zinamkwaruza mama matiti hadi anakataa kunyonyesha. Ondoa ile ndoano ya mbele tu.

Ameniuma, au amenikwaruza na kucha, nilipokuwa namkata.

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama ni dogo. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, ukiwa na kadi ya chanjo ya mbwa. Mkwaruzo uliochubua ngozi nao unahesabika katika kichaa cha mbwa, hauhitaji meno. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara unaua, ilhali chanjo ikiwahi inauzuia. Mbwa asiuawe wala kufukuzwa. Afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Na kama chanjo yake ya kila mwaka imepitwa na wakati, hiyo ianze kabla ya kucha.

Mkasi huohuo unafaa kwa paka?

Ule mdogo unafaa, ukishafutwa kwa spiriti. Kucha za paka huingia ndani, kwa hiyo bonyeza kidole zichomoze, na ukate ncha kali inayopitisha mwanga tu. Ule mkubwa wa Rottweiler utamfinya.